Tembo Aliyefichwa Msiba

Chaurembo ana uso wa kuaminika, na hilo ndilo tatizo lake. Ana mvi za heshima, ana sauti ya mtu wa kuongoza dua, na akikwambia mvua itanyesha unaanua nguo jua likiwa bado linawaka. Ndiyo maana aliponipigia simu Tabora akasema, mtani, njoo Morogoro tukatembee Bustani ya Ufufuo, nimepewa tiketi mbili za bure na chakula cha mchana juu yake, nilipanda treni ya alfajiri bila kuuliza. Nilipaswa kuuliza. Mzaramo akikupa kitu cha bure, shika kwanza mkoba wako.

Tunaambiana hivyo. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo, na makabila yetu yana utani tangu babu zangu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani na babu zake wakiwapokea kwa vijembe. Anaweza kuniita mtumwa wake mbele ya halaiki nami nikacheka. Lakini siku ile sikuwa na kicheko cha kumpa, maana nilikuwa na kisa naye cha mwaka mzima.

Kisa chenyewe ni hiki. Dada yangu Kalunde alikuwa akifanya kazi hapo bustanini na kukaa jirani na Chaurembo. Mwaka jana moyo wake ulisimama akiwa anaanika nguo uani. Chaurembo ndiye aliyepewa kazi ya kunipigia simu. Akaniambia, kwa ile sauti yake ya dua, dada yako anaumwa kidogo, kalazwa, anakuulizia, njoo. Nikachinja kuku, nikapika mchuzi wa ndimu anaoupenda, nikaumimina kwenye chupa ya chai na kuukumbatia njia nzima. Wakati mimi nahangaika mchuzi usimwagike, wenzangu walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Nilifika nikaona turubai, viti vya plastiki, wanaume wamekaa kimya wananitazama mikononi. Waliniambia ndiyo desturi, mfiwa haambiwi akiwa njiani, ataanguka. Desturi gani hiyo ya kumbebesha mtu mchuzi wa marehemu? Sikulia siku ile kwa sababu hasira ilikaa mahali pa machozi, na haijatoka mpaka leo.

Sasa mtu huyohuyo ananiongoza getini ananiambia nitabasamu, geti linapiga picha.

Lilikuwa geti la adabu kuliko watu. Lilisoma nyuso zetu hatujalifikia, likamwita yeye Mzee Chaurembo na mimi Mama Ngassa, likatukaribisha na kutuomba tusile ovyo mbele ya wanyama. Ndani kulijaa wanafunzi na wazazi. Nilimwona baba mmoja wa makamo amesimama mbele ya twiga analia waziwazi, mtoto wake anamvuta shati. Nilimwelewa. Homa iliyofagia wanyama wa mbuga zetu ilipita nikiwa msichana, na kwa miaka mingi twiga tulimwona kwenye noti na kwenye kuta za shule tu. Hawa wa hapa wote walitokana na chembe zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye barafu, wakakuzwa ndani ya mifuko ya maji ya uvuguvugu, wakazaliwa kwa kufunguliwa zipu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunyonya.

Chaurembo alikuwa anafurahi peke yake. Alimwonyesha pundamilia kidole akasema yule ni punda wa Tabora, kavaa jezi ili asitambuliwe na ndugu zake. Alipofika kwa kifaru akaniuliza kama ni kweli ndiye aliyekuwa shemeji yangu. Watu waliokuwa karibu walicheka. Mimi nilitembea mbele yake na mkoba wangu kwapani, nikijua kuna jambo, maana kila nikitaka kuingia njia ya kushoto kwenye simba, yeye ananivuta kulia. Kulia kuna tembo.

Na tembo sikutaka kumwona.

Nilimchukia yule mnyama kwa miaka minane. Alikuwa jike, mmoja tu, dada yangu alimpa jina Sikudhani. Kalunde hakuja kwenye harusi ya binti yangu kwa sababu Sikudhani alikuwa anaota gego jipya. Hakuja kumzika shangazi kwa sababu Sikudhani anaharisha. Kila simu ni mwanangu hivi, mwanangu vile, mpaka siku moja nikamwambia, Kalunde, huyo si mwanao, ni mshahara wako. Akaniuliza kama watoto wazima.

Uzio wake ulikuwa wa kamba za chuma nene kama mkono wangu, na nyuma yake uwanda wenye miti na dimbwi. Tembo mwenyewe alishafika kimo cha mlango wa ghala. Watoto walikuwa wanamwita, wanampungia, yeye hana habari nao. Alikuwa anatembea kando ya uzio, anafika kwenye mlango mdogo wa wafanyakazi, ananyoosha mkonga juu ya mlango, ananusa, anageuka, anazunguka dimbwi, anarudi palepale mlangoni. Kandokando ya uzio ardhi ilikuwa imechimbika mtaro kwa kukanyagwa, wakati penginepo majani yamestawi mpaka magotini. Nilimuuliza Chaurembo huyu ana nini. Akaanza kufuta miwani yake.

Hapo ndipo mkurugenzi wa bustani alipotokea, na nikajua tulikuwa tunangojewa. Dokta Mwombeki alikuwa mwanamume mwembamba wa Bukoba, amevaa buti zenye tope kama mtu anayefanya kazi kweli, na alinipa mkono kwa mikono yake miwili. Alinipa pole ya msiba kana kwamba umetokea jana. Kisha akasema, huku akimtazama Chaurembo na si mimi, kwamba anashukuru nimekubali kuja kwa ajili ya lile jambo.

Nikauliza jambo gani.

Wakatazamana. Ala. Nilimgeukia mtani wangu, na yule mzee mwenye mvi za heshima akarudi nyuma hatua moja. Alisema angeniambia mapema nisingekuja. Nikamwambia hilo la kuja au kutokuja lilikuwa langu, na kwamba sasa amenisafirisha kwa uongo mara mbili, mara zote kwa ajili ya mtu yuleyule, na mara zote amenikuta nimevaa viatu vizuri. Mama mmoja aliyekuwa karibu akawaondoa watoto wake.

*

Ofisini kwa Dokta Mwombeki kulikuwa na dirisha kubwa linalotazama uwanda wa tembo, na mezani ukosi. Niliutambua. Ni mkanda wa shingoni, mwembamba, wa rangi ya udongo, Kalunde aliuvaa mpaka ukamwachia alama kwenye ngozi. Wenyewe waliuita Kitovu.

Daktari alinieleza jinsi unavyofanya kazi, nami nilijua nusu yake kwa sababu nilishaonja matokeo yake. Tembo wa kwanza waliotolewa kwenye mifuko walikuwa na afya kamili na hawakutaka kuishi. Walipewa maziwa, joto, blanketi, muziki. Walisimama tu. Kumbe mtoto wa tembo hajifunzi kuogopa, kutulia wala kula kwa kuambiwa, anajifunza kwa kuusikia mwili wa mama yake umeogopa au umetulia. Wakabuni Kitovu. Mlezi anavaa ukosi, mtoto anashonewa kidude kama kifungo nyuma ya sikio. Hakipeleki maneno wala picha. Kinapeleka hali ya mwili: pumzi, shibe, hofu, usingizi, furaha. Na kinaleta pia. Ndiyo maana siku moja Kalunde alianza kutetemeka na kulia katikati ya soko la Mawenzi akiwa anachagua nyanya, kwa sababu huku bustanini radi ilikuwa imepiga na mtoto ameshtuka. Wauza nyanya walidhani ana mashetani.

"Sasa kafa," nilisema. "Huo ukosi unafanya nini mezani na taa inawaka?"

Kulikuwa na kitaa cha kijani pembeni ya mkanda. Dokta Mwombeki alikaa chini kabla ya kunijibu, na kwa hilo nilimheshimu kidogo.

Alisema kwamba kila kitu alichokisikia Kalunde mwilini kwa miaka minane kilihifadhiwa. Siku alipofariki, Sikudhani alikuwa hajaachishwa Kitovu. Kwa hiyo walichukua siku nzuri za Kalunde, zile alizokuwa ametulia na ameshiba, wakaziunganisha, na tangu siku ile wanampelekea mtoto. Mashine inajibu. Tembo akiogopa, inampa utulivu wa Kalunde. Akiwa na usingizi, inampa usingizi wa Kalunde. Yeye anaona mama yupo, ila hajafika.

Nilimwambia arudie. Akarudia.

Jamani. Dada yangu alivikwa sanda, akasomewa, akaliliwa, tukaanua tanga, kumbe huku bado yuko zamu. Nilimuuliza ni nani aliyewapa ruhusa. Akasema mwenyewe. Kalunde aliacha ridhaa kwamba akifa wamtumie mwaka mmoja. Sheria ndiyo hiyo: hisia za marehemu ni za kwake kwa muda aliousema, na baada ya hapo ni za ndugu wa damu. Ndugu akiridhia, zinaendelea. Asiporidhia, zinafutwa zote, hazibaki hata chembe. Mwaka wa Kalunde ulikuwa unakwisha siku hiyohiyo alasiri, na ndugu wa damu aliyebaki ni mimi. Kilichotakiwa ni kidole changu kwenye kioo cha meza.

Nikaelewa tiketi za bure na chakula cha mchana.

Dokta Mwombeki hakuwa mtu mbaya, na hilo liliniudhi zaidi, maana mtu mbaya unamtukana ukaenda zako. Aliniambia habari za wawili waliotangulia. Mmoja mlezi wake aliolewa Mwanza, wakazima ukosi. Tembo alisimama kwenye kona akiwa ameupa uwanda mgongo, hakunywa maji, akafa kabla wiki haijaisha. Wa pili walijaribu kumpunguzia taratibu. Alikawia kidogo tu. Daktari aliwazika wote wawili kwa koleo la mtambo na hakulala mwezi. Sikudhani akifa, alisema, hakuna chembe nyingine ya tembo kwenye barafu. Ndiye wa mwisho tena.

"Mama, mimi sikuombi udanganye," alisema. "Nakuomba tusimwambie ghafla. Na sisi si ndivyo tunavyofanya? Mtu ana msiba, unamwambia mgonjwa kazidiwa, aje kwanza, apate nguvu. Hatumwambii njiani."

Lo! Angesema lolote lile siku ile nisingechachamaa kama nilivyochachamaa kwa neno hilo. Nilimwambia mfiwa wake ana mwaka mzima njiani. Nilimwambia amemkalisha kiumbe kwenye behewa la treni na mchuzi mikononi na treni haifiki. Hakuelewa habari ya mchuzi, lakini Chaurembo alielewa, akainamisha kichwa. Nikamwambia la kuvunda halina ubani, hata ufukize mashine ngapi. Daktari alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akausukuma ukosi taratibu kuja upande wangu na kusema kama nataka, naweza kuuvaa kabla sijaamua. Na nikiridhia, naweza kuja kuuvaa siku yoyote, maisha yangu yote.

Hakukusudia kunihonga. Lakini mkono wangu ulishafika.

Ulikuwa na uvuguvugu. Niliufunga shingoni, na kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu goti langu la kushoto likaanza kuuma, maumivu madogo ya kuzoeleka, na mimi sina maradhi ya goti. Lilikuwa la Kalunde, tangu alipoanguka kwenye mpera wa mwalimu mkuu tukiiba mapera. Kifua changu kikapanuka kwa pumzi ndefu isiyo yangu, ile pumzi yake baada ya funda la kwanza la chai, na mabega yangu yakashuka yenyewe. Alikuwa ndani ya mwili wangu ametulia, ameshiba, hana wasiwasi na mtu. Niliziba uso kwa mikono miwili. Nilikuwa tayari kuweka vidole vyote kumi kwenye kile kioo.

Kisha ule upande wa pili ukaja, kwa sababu Kitovu kinapeleka na kinaleta.

Sijui niseme vipi. Si huzuni. Huzuni naijua, ina sakafu, ukishaifikia unasimama. Hii ilikuwa ni kule kutazama mlango. Mwili mzima umeinuka, masikio yamesimama, tumbo limekazwa, anakuja sasa hivi, anakuja sasa hivi, mbona namsikia, yuko wapi. Halafu mashine inampa utulivu wa Kalunde, na huo utulivu ndio unaomthibitishia kwamba mama yupo karibu, kwa hiyo anainuka tena kumtafuta. Nilitazama dirishani. Chini kule Sikudhani alikuwa amefika mlangoni, ameinua mkonga, ananusa.

Niliufungua ukosi nikauweka mezani.

"Zima," nilisema.

Dokta Mwombeki alinikumbusha kwamba zinafutwa zote. Nilisema nimesikia. Alisema anaweza kufa. Nilisema najua, na kwamba sitajisifu nikisema siogopi. Lakini Kalunde alitoa mwaka mmoja. Angetaka milele angesema milele. Hakuwa mtu wa kuona haya kuomba. Alijua msiba una siku zake, na mwenye msiba apewe msiba wake.

"Akifa, nipigie uniambie amekufa," nilimwambia. "Ukiniambia anaumwa nitakuja kukuzika wewe."

*

Aliyesema tusizime hivihivi alikuwa Chaurembo. Tangu tuingie ofisini alikuwa hajatia neno, nami nilishamsahau kwa makusudi. Alisimama, akatia miwani mfukoni, akasema kama mfiwa anapewa msiba basi apewe kamili, na kwenye msiba wa Mnyamwezi kazi ya mtani hakuna wa kumnyang'anya. Akamuuliza daktari kama nguo za kazi za marehemu bado zipo.

Zilikuwepo, kwenye kabati la chuma, hazijafuliwa. Daktari alisema wamezuiwa kuzitoa ili tembo asichanganyikiwe na harufu. Koti kubwa la kaki, lina mabaka ya maziwa na udongo, na kilemba cha kitambaa chekundu. Nilijua anachotaka kufanya na damu ilinipanda. Desturi inamruhusu mtani avae nguo za marehemu aingie nazo msibani, atembee kama yeye, aseme kama yeye, mpaka wafiwa wacheke na kulia kwa pamoja na wajue kweli mwenye nguo hayupo, maana angekuwepo nani angethubutu. Msibani kwetu Chaurembo hakufanya hivyo. Nilimkata jicho siku ile akaogopa.

Nilimwambia huyu ni mnyama, hajui utani. Akanijibu kwamba hata Wanyamwezi walifundishwa.

Tulishuka mpaka kwenye mlango mdogo wa wafanyakazi. Watazamaji walikuwa wamesogezwa mbali. Dokta Mwombeki alishika kibao cha kuzimia mashine, kidole juu ya kioo, jasho likimtoka kwenye nyusi. Alinitazama mimi. Niliinamisha kichwa kukubali, naye akabonyeza, na nilimwona midomo inasema kitu cha Kihaya ambacho sikukielewa.

Sikudhani alikuwa ng'ambo ya dimbwi. Alisimama. Masikio yake yalifunguka yote mawili kwa pamoja, akabaki hivyo, mkonga umening'inia na tone la maji mwishoni. Halafu akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia na siombi kuusikia tena. Ndege wote waliruka kwenye miti. Nyuma huko mtoto mmoja akaanza kulia. Nilishika kamba ya uzio na kujiambia, Wande, umeua.

Chaurembo akaingia.

Alikuwa amevaa koti la Kalunde, limemfika magotini, na kile kilemba chekundu juu ya mvi zake. Na alikuwa anachechemea. Mguu wa kushoto, kidogo tu, na mkono mmoja kiunoni, na kidevu juu, kama mtu anayekwenda kugombana na muuza mkaa. Alikuwa Kalunde mtupu. Akaanza kufoka kwa sauti nyembamba kwamba kelele za nini, majirani wamelala, nani kamwaga maziwa, watoto wa siku hizi hawana shukrani. Nilitaka kumtukana. Kilichotoka kilikuwa kicheko, kikakatika katikati kikageuka kilio, na nililia palepale kwenye uzio mbele ya daktari na wafanyakazi wake, kwa sauti, kilio cha mwaka mzima.

Tembo alikuja mbio. Daktari alipiga kelele Chaurembo atoke. Hakutoka. Alisimama na mkono wake kiunoni, ingawa niliona miguu ya suruali inatetemeka chini ya koti. Sikudhani alifunga breki mbele yake vumbi likamfunika mzee wa watu. Akanusa koti. Akanusa mfuko, kola, kwapa, kilemba, haraka haraka, kwa hofu na furaha, mpaka mkonga ukafika usoni. Hapo akasimama. Alinusa uso wa Chaurembo kwa muda mrefu, shavu hili na hili. Kisha akashika kola kwa ncha ya mkonga na kuvuta, na Chaurembo akanyoosha mikono nyuma ili koti limtoke vizuri.

Alilitandaza chini. Alilipapasa kwa mguu wa mbele bila kulikanyaga. Akachota udongo mkavu kwenye ule mtaro alioutembea mwenyewe, akaumwaga juu ya koti. Akachota tena. Dokta Mwombeki alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Tembo aling'oa majani, akayaweka juu, akachota udongo tena, mpaka ile rangi ya kaki ikapotea yote na kubaki kichuguu kidogo. Wala hakuna aliyemfundisha.

Chaurembo alitoka kinyumenyume, akafunga mlango, akakaa chini akiwa bado na kilemba kichwani. Alikuwa mweupe kwa vumbi. Nilimpa maji. Sikumsamehe kwa lile la simu, na nilimwambia hivyo, lakini nilimfuta uso kwa ncha ya khanga yangu.

Daktari aliuliza sasa itakuwaje. Sikudhani alikuwa amesimama kwenye kichuguu chake, ametupa mgongo, kichwa chini. Walimpelekea maji kwenye karai akalipuuza. Walimpelekea ndizi. Nilimwona Dokta Mwombeki anatazama ile kona ya uzio ambako bila shaka wale wengine walisimama. Niliwaza treni ya jioni. Nilikuwa nimemwambia binti yangu nitarudi siku hiyohiyo.

Chaurembo akasema kitu bila kunitazama.

"Mtani, siku ya kuanua tanga ukoo wenu ulikaa kikao. Mkaulizana nani atachukua watoto wa marehemu. Mkajibizana hakuacha mtoto, mkafunga kikao, mkala pilau. Mimi nilikuwa nje naosha sufuria, nasikia. Mtani ana ruhusa ya kusema kila kitu isipokuwa kikaoni."

Kwa mara ya kwanza tangu afe nilimkasirikia Kalunde mwenyewe. Nilimkasirikia kwa kufa akiwa anaanika nguo, kwa kunificha moyo wake mbovu, kwa kunipa mwaka mmoja tu, na kwa kuniachia mzigo wa tani mbili bila hata kuniuliza. Nilivua viatu vyangu vizuri nikaviweka pembeni. Nikamwambia daktari afungue mlango, akakataa, nikamwambia tena kwa sauti ambayo watoto wangu wanaijua, akafungua.

Nilikwenda mpaka jirani na kile kichuguu, nikakaa chini nimenyoosha miguu, kama wanavyokaa wanawake msibani. Ardhi ilikuwa ya moto. Sikudhani alikuwa anaunguruma chini kwa chini, mlio ambao hauingii masikioni, unapanda kwenye mapaja kutoka ardhini. Alikuwa anaita. Alikuwa akiita, ananyamaza kusikiliza, anaita tena, na safari hii hakukuwa na kitu cha kumjibu, wala ukosi wala mashine wala mtu. Nilivumilia mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu sikuweza.

"Siyo yeye," nilisema. "Mama yako amekufa, mwanangu. Mimi ni mama mdogo."

Akageuka.